Wiki ya kuzunguka Dodoma: miamba, mibuyu na wanyama waliobaki

Jumamosi, juu ya jabali la Simba

Ukitaka kujua Dodoma inakimbilia wapi, panda jabali mojawapo kabla jua halijawa kali, uangalie mabati. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni jiji. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Darasani nimezisoma namba hizo mara nyingi, zikabaki namba. Leo zinameta mbele yangu: mabati mekundu, ya buluu, ya kijani, Area D, Ilazo, Kisasa, Iyumbu, na kule mwisho vumbi la greda likifungua mtaa ambao bado haujapata jina.

Tuko wawili. Mimi ni mwalimu wa baiolojia niliye kwenye likizo ya Desemba. Mwenzangu ni dereva wa bodaboda ninayemwita Mjomba kwa sababu ni wa ukoo wa mama, ingawa kwa umri ananizidi kidogo tu. Amekulia Nala akichunga mbuzi, na hakuna kichaka kilichobaki upande ule asichokijua. Mpango wetu ni kuzunguka jiji kwa ile barabara ya mzunguko ya nje, kilomita 112 na ushee, tukilala kwa ndugu na jamaa, halafu mimi nipande basi kwenda Kondoa kumtafuta kobe chapati, kobe bapa anayeishi kwenye nyufa za miamba. Tunataka kuwaona wanyama wa asili ambao bado wanaishi na sisi, na kujua hasa wamejificha wapi.

Wa kwanza tumemkuta hata hatujafungua chupa ya chai. Mjusi kafiri dume, kichwa chekundu, mwili wa buluu, anapiga pushapu juu ya jiwe akimtisha mwenzake. Watoto humrushia mawe, na watu wazima hawamtazami mara mbili. Ila huyu ana jina la mji wetu: katika vitabu vya sayansi anaitwa Agama dodomae, jina alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Dodoma Jiji ya mpira ina mashabiki hadi mikoani. Dodoma ya mjusi sijui kama ina hata mmoja.

Chini ya jabali kuna mikojo ya pimbi iliyoganda ikawa michirizi myeupe mwambani, na pimbi wenyewe wakaanza kupiga kelele walipomwona Mjomba. Pimbi ni mnyama mdogo, lakini hubeba mimba zaidi ya miezi saba. Ukiwamaliza kwenye kilima, usitegemee kuwaona wamejaa tena mwaka unaofuata kama panya. Mjomba anasema zamani alikuwa akiona mbuzi mawe kwenye vilima hivi, wakisimama kwa ncha za kwato. Siku hizi hawaoni.

Jambo moja niliseme mapema. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, mamlaka ya kuyajenga makao makuu hayo. Mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulitaka jiji lenye nafasi za wazi kati ya mtaa na mtaa, na vilima vikiachwa vionekane. Kwa miaka mingi mpango huo haukusumbuliwa sana kwa kuwa watu wenyewe hawakuja. Serikali ilipoanza kuhama kweli, kuanzia 2016, watu wakaja kwa pamoja. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa, 2018 Dodoma ikawa jiji. Tangu hapo kila mwenye eneo anataka lipimwe, na kila kilima kina mtu anayekiangalia kwa jicho la bei.

Jumapili, Nala hadi Veyula

Tumeondoka Nala alfajiri, na nikajuta kwa nini sikuja na glavu, maana kazi ya asubuhi imekuwa kuokota maiti barabarani ili tuzitambue. Kalunguyeye. Kalunguyeye mwingine. Kanu mwenye mkia wa pete, bado ana joto. Bundi aliyepasuka bawa. Mvua za kwanza zimenyesha juzi, na mvua za kwanza huku huamsha wadudu wote kwa siku moja. Lami hubaki na joto usiku, wadudu hujaa juu yake, kalunguyeye hufuata wadudu, bundi hufuata panya. Akisikia hatari, kalunguyeye hujikunja akawa mpira wa miiba. Mbinu hiyo inamshinda mbweha. Lori la tani thelathini halina habari nayo.

Sipingi barabara. Malori yanayokwenda Mwanza na Rwanda hayana sababu ya kupita katikati ya mji. Lakini makalavati tuliyokagua mengi yana mdomo ulioning'inia juu ya shimo, kwa hiyo mnyama mdogo hawezi kuingia hata akitaka. Kulundika mawe machache pale mdomoni ni kibarua cha siku moja.

Mchana tumepumzika kwa babu wa Mjomba. Mbukwa, babu. Akaitikia, akatuletea vigoda chini ya mkwaju na kutuuliza habari za mjini kana kwamba mji haujafika mlangoni kwake. Bikoni ya kiwanja iko hatua chache kutoka zizini.

Maongezi yalikuwa ya fisi. Wamechukua mbuzi wa jirani, na vijana wametia dawa ya mazao kwenye mzoga. Babu hakufurahi, na sababu yake si ya kitabuni.

"Zamani ng'ombe akikupotea, ulikuwa unatazama juu. Ukiona tumbusi wanazunguka, unajua amekufa wapi. Sasa unatafuta mpaka unachoka, mpaka unasikia harufu."

Sumu ya fisi huishia kwa tumbusi. Mzoga mmoja uliotiwa dawa unaweza kuangusha kundi zima, kwa sababu tumbusi huitana kwa kuangaliana angani: mmoja akishuka, walio mbali wanamwona nao wanakuja. Tumbusi wa mgongo mweupe na yule mdogo mwenye kofia wote wako katika kundi la walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Na tumbo la tumbusi huua vimelea ambavyo tumbo la mbwa wa mtaani huvisambaza tu. Nilipomweleza babu hili la mbwa, akatikisa kichwa: mwaka jana watoto wawili pale kijijini waling'atwa.

Dawa yake yeye ni zizi la miiba ya kikwata iliyofumwa kwa ndani na nje, ncha zikitazamana. Tatizo ni kwamba kikwata chenyewe kimefyekwa kupisha viwanja. Akaongeza kuwa nusu ya kijiji haimgusi fisi kwa kuwa huwezi kujua usiku fisi yupi ni wa mtu. Sina ugomvi na imani hiyo. Imemlinda fisi wa Ugogo kuliko mabango yote niliyoyaona.

Jumatatu, Mzakwe na Hombolo

Mzakwe ndiko vilipo visima vinavyoinywesha Dodoma, na ndiko ilikozinduliwa kampeni ya kuikijanisha Dodoma mwaka 2017. Kwa hiyo huku miti imepandwa kweli, hilo halina ubishi. Nimesimama kwenye kitalu kimoja kando ya barabara na kuuliza wana miche gani. Mwarobaini, mjohoro, ashoki, miti ya maua. Mgunga? Hawana. Mkwaju? Labda kwa oda. Mbuyu? Yule kijana alicheka sana. "Mwalimu, nani atanunua mbuyu? Mpaka ukue, mwenye nyumba ameshakufa."

Namwelewa. Mwarobaini hukua haraka, hauliwi sana na mbuzi, na kivuli chake saa nane mchana ni rehema kwenye mji unaopata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Lakini asili yake ni India, na mjohoro nao umetoka Asia. Wakati tunapanda hiyo upande huu wa barabara, upande wa pili tunang'oa migunga iliyo tayari imekua, inayolisha nyuki kwa maua, mbuzi kwa maganda yake, na kulinda viota kwa miiba. Hesabu ya miche iliyopandwa husomwa kwenye mikutano. Ya migunga iliyong'olewa sijaisikia ikisomwa.

Kwenye mgunga mmoja uliobaki karibu na mfereji tumewaona kwezi wa kijivu, wanane au tisa hivi, wenye macho ya njano yanayokutazama kama wanakudai. Watalii huvuka bahari kuja kumwona kwezi huyu, maana makazi yake yako Tanzania tu, nyanda za kati na jirani zake. Hapa alikuwa anapekua mfuko wa nailoni.

Hombolo sitakaa sana. Bwawa lilijengwa 1957, maji yake yana chumvi, mizabibu imestawi, na mvua bado hazijalijaza. Bata wachache, korongo wawili. Tumekula samaki, tukalala mapema.

Jumanne, Ihumwa

Kunguru wametuamsha. Hawa si wale wetu wenye shingo nyeupe. Hawa ni wembamba, weusi, shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakavuka kwenda Dar es Salaam na sasa wameifuata barabara na reli hadi huku. Kunguru huyu huishi kwa takataka za binadamu, na akishiba takataka hujipumzisha kwa mayai na vifaranga vya ndege wengine. Kadiri dampo linavyokuwa wazi, ndivyo anavyozaliana. Kuna watu watakaokuambia suluhisho ni sumu. Mimi nadhani suluhisho linaanza na mfuniko wa pipa.

Tumekaa kwa mama mmoja, shangazi wa Mjomba, anayeokota na kuuza ubuyu. Anaupeleka kwa magunia kwa wafanyabiashara, na anaapa kuwa ule ubuyu mwekundu wanaojivunia Unguja mwingine ulitoka mikononi mwake. Nyuma ya nyumba yake kuna mbuyu ambao watu wanne wakishikana mikono hawauzungushi. Mguuni pake kuna bikoni mpya ya zege. Kwenye ramani ya upimaji, mbuyu huu uko katikati ya barabara ya mtaa yenye upana wa mita kumi.

"Wamesema wataleta kijiko," alisema shangazi.

Mbuyu hauna mbao. Ukiukata unapata nyuzi zilizolowa maji, hakuna mpasua mbao atakayekupa hata mia. Baadhi ya mibuyu mikubwa barani Afrika imepimwa ikakutwa na zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo yawezekana huu wa shangazi ulikuwapo kabla ya njia ya msafara, kabla ya reli ya Mjerumani, kabla ya mtu yeyote kuuliza makao makuu yawe wapi.

Jioni tumeweka mkeka chini yake tukangoja. Desemba mibuyu bado inachanua. Vitumba vinaning'inia kwenye vikonyo virefu, na jua likishazama vinafunguka huku ukiangalia: ngozi ya kijani ya nje inapasuka na kujikunja nyuma, petali nyeupe zinajitandua zikiwa na mikunjo ya nguo iliyotoka sandukuni, na katikati kunatokea furushi la nyuzi nyingi laini zenye chavua. Baada ya hapo inakuja harufu. Si nzuri. Mjomba alisema ni kabichi iliyolala. Harufu hiyo haikutengenezwa kwa ajili yetu.

Popo wamefika giza lilipoingia kabisa. Hawa ni popo wakubwa wanaokula matunda, na hawatui kwa adabu. Mmoja alilikumbatia ua kwa mabawa yote mawili, akatumbukiza uso, na kwa sekunde chache tukamwona kwenye tochi akiwa na manyoya ya kifuani yaliyojaa unga wa njano. Halafu huyo, kwenye ua la mti mwingine ng'ambo ya korongo. Kesho asubuhi ua lile litakuwa chini, limegeuka kahawia, na ng'ombe atalila. Kazi yote ya mwaka inafanyika usiku mmoja. Popo asipokuja, ua halishiki, na gunia la shangazi halijai.

Nilimweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa wapangaji wake wamekuwa wakiomba popo wafukuzwe kwa sababu ya uchafu.

Asubuhi kabla ya kuondoka tumehesabu wakazi wa mbuyu ule tuliowaona kwa macho: hondohondo, nyuki kwenye tundu la juu, kasuku wadogo wenye shingo ya njano wakigombea ufa wa tawi, mijusi, na vidonge vilivyotapikwa na bundi, vimejaa mifupa ya panya. Kasuku hawa nao ni wa Tanzania, na kwa miaka mingi walinaswa na kuuzwa nje kwa makreti. Usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ulisimamishwa 2016. Tundu la mbuyu likienda na kijiko, hao waliobaki watazalia wapi? Mwarobaini hautoboki hivyo.

Jumatano, kilima cha kokoto, upande wa Matumbulu

Hii ndiyo siku iliyonifanya niandike.

Unasikia kilima kabla hujakiona: nyundo nyingi ndogo, kila moja na mwendo wake. Wanawake wamekaa chini ya vivuli vya maturubai na viroba vilivyoshonwa pamoja. Kila mmoja ana pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi. Unaweka jiwe ndani ya pete ili vipande visiruke usoni, unalishikilia kwa mkono wa kushoto, unagonga. Kokoto zinatengwa kwa marundo: nusu inchi, robo tatu, inchi moja. Mama niliyekaa naye ana umri wa mama yangu mdogo, na kucha ya kidole gumba cha kushoto haipo.

Juu yao vijana wanashughulika na mwamba wenyewe. Wanapanga matairi chakavu juu ya jabali, wanayachoma usiku kucha, asubuhi wanamwaga maji. Mwamba unalia na kupasuka. Hapo ndipo mtalimbo unapoingizwa. Lakini kijana mmoja alinieleza kuwa hawaanzi na moto. Moto ni gharama. Wanaanza na pale ambapo jabali limeshajimenya lenyewe, ambapo jua na mvua vimelifanya liachane tabaka kwa tabaka, kukabaki ufa mwembamba wa kuingiza ncha ya chuma. "Ukipata ufa, mwalimu, umemaliza kazi."

Nikamwomba arudie, nikaandika. Maana huo ufa ndio nyumba. Mjusi wa Jumamosi analala humo, pimbi anazalia humo, na kobe ninayemfuata Kondoa hawezi kuishi mahali pengine popote. Mtu na mnyama wanautafuta ufa uleule, na mtu ana mtalimbo. Kilima kinaweza kubaki kimesimama, ukakiona kwa mbali ukadhani kipo salama, kumbe ganda lake lote la nje, lile lenye mipasuko, limeshakwenda kwenye misingi ya nyumba. Kilichobaki ni mwamba mtupu, laini, usio na pa kujificha.

Mti uliokatwa unaweza kupandwa mwingine. Ufa haupandwi. Ni maelfu ya miaka ya jua la mchana na baridi ya usiku. Kwa hiyo ninaposikia jiji likipimwa ukijani wake kwa miche, naona kipimo hicho hakifiki hata mguuni mwa kilima. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua milima na vilima kuwa vitu vya kulindwa, si miti iliyo juu yake tu.

Mama alikuwa ananisikiliza. "Nyumba yako umejengea nini, mwalimu?"

"Kokoto."

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kuwa alipokuwa msichana walikuwa wanakuta kobe bapa kwenye mawe kama haya, ukimbonyeza tumboni anabonyea. Siku moja walikuja wanaume na gari, wakawa wanawapa watoto hela ya sukari kwa kila kobe. Watoto waliwakusanya kwa ndoo.

"Sasa hivi nikimwona nitaota mvi upya."

Nilimuuliza kama vilima vikifungwa yeye atafanyaje. Akasema vikifungwa vyote atanichukia. Kikifungwa upande mmoja, hasa ule wa magharibi ambako lori halifiki, hana neno.

Alhamisi, njiani kwenda Kondoa

Mjomba amerudi mjini, bodaboda haiendi bure. Basi limejaa. Jirani yangu kitini anatoka Chemba, na tangu tumepita Mayamaya hadithi yake ni tembo tu: wanatoka pori la Swagaswaga, wanapita kwenye mtama na alizeti usiku, na kifuta jasho huja kimechelewa na kimepungua. Ana haki ya kulalamika. Ameongeza kuwa njia wanazopita ni zilezile za enzi za babu yake. Mashamba ndiyo yaliyowafuata.

Ijumaa, vilima vya Irangi

Kolo kila mtu anaijua kwa michoro. UNESCO iliiingiza Kondoa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na mwongozaji anakupandisha kwenye vibanda vya miamba ukaone twiga, tembo na pofu waliochorwa kwa rangi nyekundu na watu walioishi humu zamani sana. Nimeangalia michoro kwa heshima, lakini macho yangu yalikuwa chini, kwenye mipasuko.

Vilima hivi viliwahi kuharibika vibaya zaidi kuliko vya Dodoma mjini. Mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kumeza nyumba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Ilikuwa amri ngumu, na wafugaji waliokosa malisho hawakuisahau. Lakini vichaka vilirudi, na miamba haikuwa imevunjwa. Ndiyo maana nimekuja huku.

Mwamba wenyewe sitautaja, wala kijiji. Kuna watu wanaosoma maandishi kama haya kwa sababu tofauti na zako.

Mwenyeji wangu alilala kifudifudi, akamulika kwa tochi ya simu ndani ya ufa ambao usingeingiza ngumi. Akanivuta mkono. Mwanzo niliona jiwe ndani ya jiwe. Kisha jiwe likawa na jicho. Kobe chapati, gamba bapa la kahawia lenye mistari ya njano inayotawanyika kutoka katikati ya kila pande, urefu wake haufiki hata rula ya mwanafunzi. Hakuingiza kichwa ndani kama kobe wengine. Alirudi nyuma kwa kasi ambayo sikuitegemea, akageuka ubavu, akakaza miguu ya mbele juu na chini ya mwamba. Tukasikia makucha yakikwaruza. Basi. Zamani wataalamu waliamini hujijaza hewa ili akwame. Ilipochunguzwa ikaonekana kazi yote ni ya miguu. Gamba lake ni jepesi na linanyumbuka, kwa hiyo halimsaidii kitu nje ya ufa. Mwamba ndio gamba lake la pili.

Jike hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mkupuo. Ukichukua kumi kwenye kilima kimoja umechukua miaka mingi. Mwenyeji wangu alinionyesha, hatua chache pembeni, bamba la mwamba lililokunjuliwa kwa nondo na kuachwa limelala chali. Wawindaji wakishindwa kumvuta kwa waya wenye ndoano, wanavunja nyumba. Hata wasipompata, hakuna mwingine atakayehamia hapo. Mwaka 2019 kobe huyu aliwekwa katika kundi la walio hatarini zaidi kutoweka, na mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Geneva ukapiga marufuku biashara yake ya kimataifa kwa wale wa porini. Marufuku ya karatasi inamlinda kwenye uwanja wa ndege. Kwa kokoto haina la kusema.

Tuliondoka haraka ili alegeze miguu.

Jumamosi, ofisi ya mtaa

Nimerudi na basi la asubuhi na kupitiliza moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti wa mtaa wenye kile kilima. Amenisikiliza vizuri, akanikatiza mara moja tu kuuliza kama nataka kugombea. Akaniambia niandike barua, nakala kwa mtendaji wa kata, jambo lisomwe kwenye mkutano wa mtaa na kutoka hapo liende halmashauri ya jiji, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Nimeiandika hapohapo kwenye karatasi ya daftari. Naomba upande wa magharibi wa kilima usiguswe, na mpaka wake uchorwe kwa chokaa ili asiwepo wa kusema hakuona. Naomba kwingineko kokoto zichimbwe kwa kushuka chini sehemu moja badala ya kumenya ganda la kilima kizima. Kwa Ihumwa, ambako ni mtaa mwingine lakini jiji ni moja, naomba mpimaji asogeze barabara ya shangazi mita chache. Kiwanja cha jirani ni cha wazi na mwenyewe ameshakubali kwa maneno.

Mwenyekiti amegonga muhuri wa kupokea. Mkutano ni baada ya sikukuu. Nimempigia simu mama wa kokoto, akasema atakuja na wenzake, ila ameniambia mapema kwamba ombi la pili atalipinga, kwa sababu kuchimba kwa kushuka chini kunahitaji kampresa, na kampresa ni ya wenye hela.